Athari

Tangazo walilibandika mlango wa nyuma,
herufi ndogo kama mayai ya sisimizi:
kikao cha wananchi, Jumatano, saa tatu asubuhi.
Jumatano! Ibra nzima inajua
Jumatano ni soko la wanawake,
na saa tatu ndiyo kwanza tunakunjua vitambaa, tunapima ubani.

Tukafunga meza.
Bi Ghaniya alikuja na mizani yake kwapani,
hakuwa na wa kumwachia.

Ukumbini kiyoyozi, maji ya chupa, ramani ukutani.
Kijana wa kampuni alisoma kwa adabu:
kiwanda cha kokoto, malori arubaini kwa siku,
na athari, akasema, ni ndogo.
Akafunua ukurasa.

Athari.
Nililetwa huku toka Unguja nina miaka tisa;
kwa Kiswahili cha mama yangu
athari ni kinachobaki jambo likishapita.
Kwa watu wa falaji, athari ni nusu saa ya maji:
zamu yako, uliyoinunua au kuirithi,
inalowesha mitende yako, kisha inakwenda kwa jirani.
Marehemu mume wangu aliniachia athari mbili
na deni.

Nikanyoosha mkono.
Ndogo kiasi gani, mwanangu? Dakika ngapi?
Na falaji yetu, kwenye ramani hii, iko wapi?

Akatafuta. Akavaa miwani, akatafuta tena.
Pale yanapopita maji
pamechorwa njia ya malori.

Halafu ikazungushwa karatasi,
tutie sahihi, tukale.
Wali ulikuwa umeshaanza kunukia zafarani.
Bi Ghaniya, ambaye hakusoma, ndiye aliyeuliza:
"Hapo juu pameandikwaje?"
Mjukuu wake akamsomea: *Walioshirikishwa na kuridhia.*

Hakupiga kelele.
Aliweka karatasi kwenye mizani yake,
upande wa pili punje moja ya ubani.
Punje ikashuka.
"Haijatimia," akasema, kama anavyomwambia mteja.
"Ongezeni tulichosema. Kisha nitatia dole gumba."

Wakaandika. Mistari kumi na mmoja, kwa kalamu,
nasi tumewainamia mabegani:
hapana, hakusema "wasiwasi," alisema "hatutaki."
Wali ukapoa.

Maskati wataamua nini, sijui.
Usiku huu zamu yangu ni saa nane.
Nimesimama na jembe, tochi mdomoni,
na daftari nililonunua jana.
Maji yanaingia.
Naandika saa.