Usinuse

Karatasi imebandikwa mlango wa maabara, pembe zimejikunja,
maandishi ya Kiarabu, na chini yake, kwa mkono wangu,
neno moja la nyumbani: USINUSE.

Zamani walinusa.
Maalim Sleyum, aliyenifunza kazi hii hapa Salala,
alifunua sahani akaisogeza puani
kama mtu anayechagua udi dukani.
"Huyu zabibu. Huyu udongo uliolowa."
Hakuwa akikosea.
Mpaka siku alipofunua moja isiyonuka kitu,
akarudia, akavuta pumzi ndefu zaidi.
Mwezi uliofuata homa ikamjia magharibi.
Leo anapanda ngazi kama anayehesabu madeni,
nyonga moja imegoma.

Chupa niliyonayo ni ya Bakhit bin Mahad,
wa mlimani, juu ya Taqa.
Mgongo. Jasho la usiku linalonuka majani yaliyovunda.
Homa yenyewe mchana haipo, usiku ipo,
kama mdai ajuaye saa ya kukukuta nyumbani.
Daktari wa kwanza alisema malaria, wa pili baridi yabisi.
Wa tatu akamwuliza: una mbuzi?

Siku ya kwanza mashine kimya.
Ya pili, kimya. Ya tatu nikaisahau.
Ya tano, alfajiri, manyunyu ya harifu yametanda kiooni,
ikalia.

Chini ya hadubini: vumbi.
Vumbi la waridi, punje zilizosita
kati ya kuwa fimbo na kuwa tone,
kama mchanga unaobaki kiatuni safari ikiisha.
Mrija wa yurea ukaona haya upesi, ukaiva wekundu.
Nikashusha kioo cha kabati. Nikajikuta
nimebana pumzi, na barakoa ninayo.

Alhamisi tukapanda, mimi na Nadhira wa mifugo,
ukungu mzito, ngamia wanajitokeza barabarani vipande vipande,
shingo kwanza.
Msimu huu mbuzi watatu waliharibu mimba.
Bakhit aliwavuta watoto mwenyewe, mikono mitupu,
akawafuta pua, akawapulizia, wasiamke.

Mama yake, Bi Tuful, akatoka na ndoo,
maziwa ya sasa hivi, povu bado linahema.
Kwetu tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nimeisema mara ngapi mbele ya sinia la biriani!
Leo nimeibeba ndani ya sanduku la barafu,
na mwenyeji ananinyooshea bakuli.

Nadhira akafasiri, Kijabbali chake cha kuchechemea:
kidudu, maziwa, moto.
Nikangoja uso wa bibi ujikunje.
Akacheka, meno mawili.
"Mama yangu alitumbukiza mawe ya moto,
maziwa yakapiga kelele, yakatokota, ndipo tukanywa.
Ikaja ndoo ya plastiki.
Jiwe likaitoboa.
Tukaacha jiwe."

Mawe yalikuwapo bado, nyuma ya banda,
meusi, mtoto kayapanga kuwa magari.
Akawasha moto, akaleta sufuria.
Chwaaa.
Tukanywa maziwa yenye moshi, majivu kidogo ulimini,
Nadhira akaomba tena.

Vidonge vya Bakhit ni wiki sita, asikose hata siku.
Mbuzi kumi na moja wana alama ya rangi sikioni,
na hilo Bi Tuful hakulicheka.

Fomu inauliza: njia ya maambukizi.
Imeacha mstari mmoja, mfupi.
Nikaandika *maziwa*, nikaongeza *uzazi wa mifugo*,
kalamu ikabaki hewani,
maana palipobaki hapakutosha kuandika
mtu aliyempulizia kitoto cha mbuzi puani.

Usiku Maalim akanipigia.
"Nasikia umempata. Alinukaje?"
"Sikunusa, Maalim."
Akanyamaza. Kisha nikasikia, wazi kabisa ndani ya simu,
akivuta pumzi, taratibu,
kama sahani iko mbele yake.