Keria

Mbelwa amebandika nyuzi kwenye Probox.
Nyekundu, za sufu, nilizobakiza nilipofuma kofia ya kitoto;
kila moja urefu wa kidole, selotepu kichwani,
toka boneti hadi mlango wa nyuma.
Jirani kauliza kama kuna harusi.

Saa kumi alfajiri, Kibada, barabara tupu.
Mimi na gari la shemeji, mara nyuma yake, mara ubavuni,
spidi themanini, nasoma nyuzi.
Kwenye boneti zimelala kama nywele zilizochanwa.
Kwenye milango zimelala.
Juu, nyuma ya keria, zimepagawa:
zinageuka, zinarudi zilikotoka, zinapigana.
"Hapo ndipo mafuta yanapoliwa," akasema tulipopaki.
Upepo hauna meno, lakini unakula.

Mengine yote keshafanya.
Vifuniko vya ringi. Turubai gumu chini ya tumbo la gari.
Ndoo ya plastiki kaikata kwa kisu cha moto, kaziba nusu ya grili.
Kafunga vioo, tukaiva kwa joto la Machi.
Daftari langu la genge sasa lina safu mbili:
nyanya, lita.
Sheli ya Tabata wanatujua. Jaza mpaka mdomoni,
subiri itulie, jaza tena.
Faida mpaka leo: glasi moja ya chai
kwa kilomita mia.
(Mafuta ya gari la shemeji hayakuandikwa.)

Keria hatukuitaja.
Aliichomelesha Gerezani, bomba la nusu inchi, rangi ya fedha,
kwa safari moja tu, ya kumpeleka baba yake Bumbuli.
Jeneza lilizidi paa kwa shubiri mbili.
Kutoka Chalinze hadi Mombo ilipiga mluzi usiku kucha,
nasi hatukuzungumza,
kwa kuwa alikuwepo wa kuzungumza.

Jumapili akaniomba spana kumi na tatu.
Bolti tatu zilikubali.
Ya nne aliikata kwa msumeno, polepole,
kama mtu anayekata kucha za mgonjwa.

Kibada tena. Nyuzi za paa zikalala.
Nusu lita kwa kilomita mia! Nikaandika, nikapigia mstari.

Tukarudi wawili katika gari lililonyamaza.
Karibu na daraja Mbelwa akashusha kioo
upana wa kidole.
Kikapiga mluzi.

Hilo sikuliandika.