Mguu wa Breki

Mume wangu Lugano anaijua bei ya twiga.
Anaijua kwa kichwa, kutoka kile kibao cha faini
pale Mikumi, anapopita na lori la shaba
usiku wa Jumanne, usiku wa Ijumaa:
nyati kiasi gani, ngiri kiasi gani, nyani ni nafuu.
Miaka kumi na tisa, na kila mnyama aliyemwona
alikuwa macho mawili kwenye taa,
kisha mguu, kisha harufu ya mpira ulioungua,
kisha utingo akiuliza gizani, "Tumegonga?"

Jumamosi akasema: leo nataka kuona kitu
ambacho hakinikimbii, wala mimi sikikimbizi.

Tukaazima Suzuki ya shemeji,
mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba ya katani.
Tukaiacha Mbeya kabla ya jogoo wa Mwanjelwa,
Loleza bado kajifunika gubigubi.
Isyonje tukakata kushoto, lami ikatuaga,
injini ikaanza kuguna
kama bibi anayepanda ngazi za hospitali.

Wa kwanza kumwona alikuwa ng'ombe.
Wa pili, ng'ombe.
Lugano akaandika kwenye daftari la mafuta:
"Ng'ombe, wawili, wazima."
Ukingoni mwa msitu kitu kikabweka,
honi yenye kikohozi.
Kipunji huyo, nikasema.
"Au breki za mtu," akasema.
Tawi likatikisika. Mkia? Siwezi kuapa.

Kisha Kitulo, na baridi ya kuuma meno,
na maua mengi kiasi kwamba niliona haya kukanyaga,
ya njano, ya zambarau, meupe yenye madoa
kama shingo ya mtoto mwenye harara.
Saa nzima tulitazama juu.
Mawingu yakapita, shingo zikauma,
chai ikapoa kwenye kifuniko cha chupa.

Akapita binti mwenye ndoo ya maziwa kichwani,
buti za mpira, sweta la shule lililochoka viwiko.
Ezelina Tweve, alisema, ingawa hatukumuuliza.
"Mnatafuta nini mbinguni?"
Mbayuwayu, nikamjibu. Yule wa buluu.
"Huyo hapendi juu. Nyumba yake ni shimo la muhanga.
Tazameni hapa," akajipiga goti,
akaenda zake, maziwa hayakutikisika.

Lugano akachuchumaa.
Sijawahi kumwona mume wangu amechuchumaa
bila spana mkononi.

Muda ukapita. Nzi akapita.
Halafu, kutoka upande ambao hatukuutazama,
akaja, mweusi kwanza, buluu alipogeuka,
mkiani nyuzi mbili ndefu
zilizosahauliwa na fundi cherehani,
akilaza ubavu juu ya majani,
moja kwa moja kuelekea kwetu,
usawa wa magoti, mbio za mtu aliyechelewa mazishi,
nami nikauona mguu wa kulia wa mume wangu
ukikandamiza nyasi, ukikandamiza,
mpaka umande ukachuruzika kando ya kiatu.

Akapinda. Akapita.
Hakuna kilichogongwa.

Lugano akakaa kitako pale pale kwenye maua,
akacheka kidogo, halafu akaacha kucheka,
akafuta uso kwa kofia.
Nikashika daftari. Niandike?
"Ngoja," akasema. "Labda anarudi."

Hatujui kama alirudi; ilirudi mvua.
Tukashuka na nusu gunia la viazi vya Matamba
na kioo kimoja kisichopanda,
na Lugano, dereva wa tani thelathini,
aliendesha polepole, polepole,
akichungulia kila kichaka, kila mtaro,
mpaka baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa
ikatupita mteremkoni,
na mwenyewe akageuka, akatupungia mkono
kwa huruma.