Mwasha Giza

Kutaisi, siku ya arobaini

Wamenipa ngazi mpya ya alumini, haitikisiki.
Ungeichukia, Tsiala.
Ungeuliza: mtu asiyeogopa kuanguka
atamulika nini?

Ukumbi wameung'arisha. Picha yako wameitundika,
kubwa kuliko mlango, nawe umetabasamu.
Wameitoa wapi, sijui.
Miaka thelathini na mmoja nilikaa juu ya kichwa chako
nikiona utosi, mvi, moshi wa sigara.
Tabasamu sikuliona.

Nyuma ya pazia mvinyo umemwagwa juu ya mkate,
fungu la marehemu.
Naibu waziri atasema. Kisha meya. Kisha Zurabi,
yule aliyetufungia karakana kwa kufuli la serikali,
na leo analia machozi ya kweli.
Namwamini. Hilo ndilo linaloniudhi.

Nakumbuka kipupwe kile umeme ulipokatika
ukakatika moja kwa moja, ukawa ngano ya watoto.
Nilikuja kuaga. Nikakwambia: fundi taa bila umeme
ni kinyozi kwenye kijiji cha vipara.
Hukucheka. Ulinivuta sikio kama mwanao:
"Otia, kuanzia leo huwashi taa.
Unawasha giza."

Tukaingia kiwanda cha malori, kilichokufa kabla yetu.
Tukawaambia watu waje na viti vyao,
wakaja navyo katika theluji, mgongoni, kichwani,
stuli, kigoda, kochi la maharusi,
na mmoja, jamani, na kiti cha daktari wa meno,
watu wanne wamekibeba kama jeneza.
Wakaketi. Hakuna kilichotokea.
Dakika ishirini hakuna kilichotokea,
kisha Nugzari akaanza kumenya viazi.

Hatukumwona. Tulisikia kisu.
Tulisikia ganda likidondoka ndooni,
na kila mwenye njaa mle ndani, yaani sote,
akahesabu:
kimoja.
Viwili.
Cha tatu kibovu, sikia,
kisu kinakwama, kinarudi nyuma.
Mtu akameza mate. Mwingine akaanza kulia
polepole, kwa adabu, kama aliye kwa wakwe.

Nikawasha njiti ya kiberiti. Moja tu;
ndiyo iliyokuwa kazi yangu usiku ule.
Ndoo tupu.
Nugzari hana kiazi, hana kisu,
mikono imelala mapajani.
Alikuwa akimenya kwa ulimi.

Magazeti ya mbali yaliandika: mapinduzi ya sanaa.
Wanawake wa sokoni hawakuandika kitu.
Kesho yake walimletea Nugzari viazi.

Lakini nisikutie manukato.
Ulimfukuza Lela kwa kupiga chafya.
Kaka yako alizikwa Jumanne, nawe ulikuwa mazoezini
ukipima hatua kati ya mlango na dirisha.
Mshahara wangu wa miezi minane hukunipa,
na sisamehi,
maana nikisamehe utakuwa umekufa kabisa.

Sasa meya yuko kwenye kipaza sauti.
"Mwanga wa taifa," anasema. Mwanga!
Mkono wangu uko kwenye swichi, mkono wa mzee, una akili zake.

Nimezima.

Wakaguna. Wakatoa simu, ukumbi ukajaa vimulimuli,
nami nikakusikia ukifoka kutoka safu ya sita:
zimeni, mnanichafulia giza langu!
Moja ikazimwa. Nyingine. Nyingine.
Ya mwisho ilikuwa ya Zurabi, iliumulika uso wake kwa chini,
kisha akaitia mfukoni.

Kimya kirefu. Kikohozi. Kimya.
Halafu pale alipokuwa amesimama,
ksss,
ulimi juu ya meno,
ksss, na ganda likadondoka.

Kumbe alikuwepo.
Alikuwa miongoni mwetu usiku ule, sijui juu ya kiti gani.

Nikashika ngazi yao isiyotikisika
nikaanza kuhesabu.
Cha tatu kilikuwa kibovu.