Kilo Mbili za Umande

Kila tenga likipanda kwenye mizani
nakata kilo mbili:
moja ya tenga, moja ya umande.
Ndiyo sheria ya kituo. Jani likilowa hudanganya,
na wachumaji wananitazama mkono
kana kwamba kalamu hii ndiyo iliyowalowesha.

Leo nimefika na soksi ya Fanueli mfukoni.
Nilidhani ni leso.
Nimejifutia kamasi, mbele ya msimamizi,
kwa soksi ya mtoto wa miezi minane,
na akina mama wa mwanzo wa foleni wakaangua kicheko
hadi ukungu wa Mufindi ukasogea kidogo, ukatupisha.

Alfajiri, saa kumi na moja,
Obedi alirudi kutoka lindoni kwenye kitalu cha miche,
koti linanuka moshi wa misindano.
Akaingia kitandani palepale nilipotoka;
joto langu likampokea kabla yangu mwenyewe.
Mwezi huu wa saba ndoa yetu ni hiyo:
godoro moja, zamu mbili.
Alikuwa ameshanibandikia maji ya kuoga.
Sikumwambia ahsante.
Nilimwambia mkaa umebaki wa leo tu.

Vaileti naye kavaa sweta mbele nyuma,
lebo iko kidevuni, hataki kuvuliwa.
“Mama, siku za baridi ndivyo linavyovaliwa.”
Gari la kiwanda lilikuwa limeshapiga honi ya kwanza.
Nikamwacha. Huenda ndivyo.

Na Skola, jirani, mlango wake hufunguka kabla sijabisha.
“Kamwene.” “Kamwene, lete huyo, kimbia.”
Mkono mmoja una njegere anazomenya,
mwingine unampokea mwanangu
kama mtu anayepokea chenji yake, bila kuhesabu.
Mwezi jana sikumlipa. Hakuniuliza.
Alinipa na kabichi.

Jumanne niliomba ruhusa ya nusu siku
(wataikata, najua, mwisho wa mwezi).
Kliniki wakamvisha Fanueli kaptula ya turubai,
wakamtundika kwenye mizani ya kulabu,
miguu inaning'inia, shavu limelowa machozi,
ananitazama kutoka juu kama hakimu mdogo
ambaye hajaamua.
Nesi akasoma: kilo nane na gramu mia mbili.
Nikasoma na mimi. Mazoea ya kazi.
Kisha nikasubiri akate.
Kaptula ile ina uzito wake.
Na machozi je? Na uji ule aliogoma kuumeza,
aliouficha shavuni tangu asubuhi?

Hakukata kitu.
Aliandika yote,
akaunganisha nukta na nukta kwenye kadi,
na mstari ukapanda.

Nimerudi nao jioni hii kwa njia ya katikati ya chai,
mmoja mgongoni, mmoja ananivuta kanga.
Sitasema sichoki. Magoti yananiuma,
kuna sufuria ya jana haijaoshwa,
na mara tatu leo nimemfokea mtu asiyestahili,
mmoja wao ana miaka mitano.
“Mama, leo umepima kilo ngapi?”
Elfu moja mia nne na kitu.
“Na mimi?”
Nikaweka mfuko chini, nikamwinua pamoja na sweta lake la kinyume,
na tope la viatu, na jiwe alilookota,
na kelele zake.
“Kumi na tisa.”
“Umekata umande?”
“Sijakata.”
Akaridhika. Akataka kubebwa hadi nyumbani.

Obedi yuko mlangoni, koti mkononi, anaondoka.
“Mkaa nimepata,” anasema, “upo nyuma, umefunikwa.”
Ulimi wangu ukawa mzito, kama kawaida.
Nikampa mihogo ya kuchoma, nikamwambia avae kofia.

Ila ile soksi nimeifua mchana bombani kituoni,
imekaukia kwenye kitasa cha dirisha.
Nimeitia kwenye mfuko wa koti lake.
Ataikuta usiku wa manane
akipapasa kiberiti.