Kisanduku cha Tatu

Solveig Thrane katoka Aarhus na karatasi mia mbili,
kila karatasi maswali kumi na manne,
kila swali visanduku vitatu:
Ndiyo. Hapana. Sijui.
Mimi mkalimani wake, kwa ujira wa siku,
chai na nauli juu yake.

Moodbidri, saa kumi alasiri.
Bibi Chandravva yuko kisimani,
anachuja maji kwa kitambaa kilichokunjwa mara mbili.
Hatukumwita. Kazi ile haikatizwi.
Alipomaliza alikigeuza kitambaa, akakisuuza,
na yale maji ya suuzo akayashusha kisimani kwa ndoo,
taratibu, kamba ikimpitia viganjani,
ili vijidudu visivyoonekana virudi kwao
bila kuanguka kwa kishindo.

"Muulize," Solveig akaniambia, "anamwamini Mungu?"

Hapo ulimi ukanikwama.
Neno tulilo nalo ni moja, devaru,
limechakaa kama ufunguo wa nyumba ya ukoo,
kila mtu anafungulia chumba chake.
Nikalitumia. Ningefanyaje?

"Yupo," akasema Chandravva, akaelekeza kidevu hekaluni.
"Nendeni mkamwone, mlango haujafungwa."

Ndiyo, akaandika Solveig.

"Ndiye aliyeumba ulimwengu?"

"Nani? Yule?" Bibi akacheka hadi akashika kiuno.
"Yule kazaliwa na mwanamke kama mimi.
Akaacha nyumba, akaacha nguo, akaacha hasira,
akaenda zake. Ulimwengu aliukuta."

"Basi ni wa nani?"

"Mbona mwamtafuta mwenye nyumba? Mnadaiwa kodi?"

"Anasikia maombi yako?"

"Hasikii."

"Na bado unampigia magoti kila alfajiri?"

"Magoti ni yangu."

Solveig akaifuta Ndiyo, karatasi ikachubuka.
Akatia alama Hapana, na macho yakamwaka
kama ya mtu aliyeokota ugenini pete iliyompotea kwao.
Akanieleza mbiombio, yasiyo ya kutafsiri:
kanisa la babu yake siku hizi ni duka la baiskeli,
na rafiki zake wanaitafuta dini ya namna hii hasa,
safi, ya akili, isiyo na mtu juu ya paa.
Nikaitikia kwa kichwa. Nalipwa kwa siku.

Lakini Bibi hakuwa amemaliza.
Mkaza mwanawe alipopandwa na homa
alikwenda Humcha kwa Padmavati,
na nazi, na bangili za kijani dazeni moja.
"Yule mama ana masikio, hata ukimnong'oneza.
Ila naye atakufa siku yake, azaliwe tena kama sisi, maskini."

Kalamu ya Solveig ikabaki hewani.

"Na mwaka wa mvua kubwa," Bibi akaendelea,
sasa akitazama nyayo zake,
"nilimkanyaga jongoo pale mlangoni.
Nilikuwa na haraka, maziwa yanamwagika.
Miaka thelathini na moja sasa. Deni lile lipo.
Hakuna wa kunisamehe isipokuwa jongoo mwenyewe,
na sijui kazaliwa wapi."

Nilitafsiri neno kwa neno.
"Niandike wapi?" Solveig akauliza, akiipekua karatasi
mbele, nyuma, pembeni.

Jua lilikuwa limefika kwenye minazi.
Bibi hali chakula gizani, asije akameza uhai asiouona.
Akatuomba radhi, akaingia ndani.
Tukasikia sufuria, kisha mwiko.

Usiku, hotelini Mangalore, niliagiza viazi vya kukaanga.
Mama hakuruhusu kiazi kivuke kizingiti chetu:
kuking'oa, alisema, ni kuvunja mji mzima.
Nakula viazi tangu chuo. Huwa navitia chumvi nyingi.

Solveig alikuwa akihesabu karatasi zake chini ya feni.
"Hii ya Chandravva, mwishowe tuseme nini?"

"Sijui," nikamwambia, mdomo umejaa.

Akashukuru, akatia alama.

Mhudumu akaniletea maji.
Nikaiinua glasi kwenye mwanga wa taa, nikaizungusha,
nikaitazama kwa muda.
Yalikuwa meupe, hayana kitu.
Nikaiweka chini, nikaitazama tena.