Somo

Meli ya mizigo huja mara moja kwa mwaka, barafu ikiruhusu.
Chujio la oili ukilisahau kwenye orodha
utalingoja hadi kiangazi kingine, ama lije kwa ndege
kwa bei ya chakula cha juma zima.
Ndiyo maana katika ghuba hii ya Kisiwa cha Baffin
kila mtu ni fundi, na asiye fundi ana miguu.

Msichana aliyeshika karai ana miaka tisa.
Namwita kaka.
Wazee walimpa jina la Ujarak, ndugu yangu,
aliyetutoka majira ya giza, miezi miwili kabla yake;
na kwetu anayebeba jina hubeba na udugu wake.
Somo yake ndiye mwenye pikipiki hii ya magurudumu manne,
nyekundu, iliyolala miaka tisa chini ya turubai
kwa sababu mimi sikuwa na moyo wa kuifunua.

Tumeanza na kitabu. Kurasa zimegandana kwa grisi.
Kinasema: kwanza washa injini, oili ipate joto.
Haiwaki. Basi usiku kucha tumeipasha kwa hita ya sebuleni,
mume wangu akalala na koti,
kimya cha mtu anayehesabu.

Petroli ya zamani tuliinyonya, ikanuka vanishi.
Chini ya kiti, mahali pa chujio la hewa,
kiota: manyoya ya mbwa, maua meupe ya nyasi,
mavi makavu ya panya wa tundra.
Sifongo yenyewe ilimeguka mkononi kama mkate.
"Walikuwa wanalipa kodi?" akauliza kaka yangu.

Sasa nati ya kumwagia oili.
Mtaka cha mvunguni huinama; huku lazima ulale kabisa,
mgongo kwenye kokoto, uso chini ya chuma,
saa tano ya usiku na jua limesimama tu pale, halina kwao.
Nilivuta spana. Nilivuta kwa mikono miwili.
Nikamtukana marehemu kwa jina lake,
na msichana akaitika, "Nimefanya nini?"

Wewe! Hukukaza nati, uliifunga kifungo cha maisha.
Kila kitu ulikikaza kana kwamba dunia italegea:
vifuniko vya chupa, kamba za sleji,
mkono wa mtu ukimsalimu.
Hii uliikaza wewe, na baada yako hakuna aliyeigusa.

Akapanda juu ya mpini wa spana, buti zote mbili,
akashika bampa, akaruka mara moja.
Ikalia, kwa! kama jino likitoka.
Kisha oili, nyeusi, bila haraka,
uzi mmoja mzito ukishuka karaini,
nasi tukautazama mpaka ukawa matone,
hakuna aliyesema neno.

Nati tuliirudisha na washa mpya.
Nikamwonyesha: ikaze mpaka ikatae,
halafu robo ya robo ya mzunguko. Basi.
"Basi?"
Basi. Alumini haibishani, inachanika.
Akakaza, akanitazama, akaongeza kidogo
nilipogeuka kutafuta faneli.
Niliona.

Oili mpya, rangi ya asali. Plagi mpya. Betri ya kuazima.
Tairi tumezitia upepo kidogo tu,
maana penye matope mpira mgumu ni mjinga.
Kijiti cha kupimia: kifute, kirudishe, kitoe, kisome.
Kati ya alama mbili.
Ikakohoa mara sita, ya saba ikawaka,
ikatoa moshi wa buluu uliowaamsha mbwa wote wa jirani.

Kwenye ubao ikabaki skrubu moja.
Tukaitazama. Tukatazamana.
Kitabu hakikuwa na la kusema.
Kaka yangu akaiokota, akaitia mfukoni,
akapanda nyuma yangu, akanikumbatia kiunoni
na akakaza.